Kuotesha pentasi nyumbani kwa ajili ya vipepeo, nondo na ndege aina ya chozi

Pentasi, ambayo kwa jina la kitaalamu huitwa Pentas lanceolata, ni ua la kudumu la jamii moja na mbuni, na asili yake ni Yemen na nchi za Afrika Mashariki. Katika nyanda za juu, kama zile zinazozunguka Arusha na Nairobi, humea lenyewe kandokando ya misitu na vichaka, likisimama wima katikati ya nyasi, na kwenye ncha ya kila tawi huchanua shada la maua madogo yenye pembe tano, ya rangi nyeupe, waridi au zambarau iliyopauka. Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyefia Yemen mwaka 1763, ndiye aliyeliandikia maelezo ya kwanza ya kisayansi, nayo yakachapishwa mwaka 1775 baada ya kifo chake. Tangu hapo limesambaa katika bustani za dunia nzima, na ng'ambo huuzwa kwa jina la nyota ya Misri, ingawa Misri si kwao. Inasikitisha kuona watu wa huku kwetu wakilinunua kwenye vitalu huku wakidhani ni ua la kigeni, ilhali ndugu zake wamo porini, safari fupi kutoka nyumbani kwao.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kiwanja cha kawaida cha nyumbani, ambaye anataka maua nadhifu mbele ya nyumba yake na anataka pia maua hayo yawalishe wadudu na ndege wanaochavusha mimea. Mambo hayo mawili hayagombani, mradi mwenye bustani akubali kupogoa kwa zamu na kuvumilia majani machache yenye matundu.

Kabla ya kupanda: fahamu nani atakayekuja

Ua la pentasi lina mrija mwembamba, na mbochi, yaani maji matamu ya ua, imo chini kabisa ya mrija huo. Kwa hiyo anayeifikia ni yule mwenye ulimi au mdomo mrefu: vipepeo wakati wa jua, chozi asubuhi na alasiri, na wale nondo wakubwa wenye mwendo wa kasi ambao giza linapoanza kuingia husimama hewani mbele ya ua, wakipiga mabawa bila kutua, na kukunjua mrija wao wa kunywea. Nyuki wa asali ana ulimi mfupi, na mara nyingi huambulia chavua tu. Mtu anayepanda kwa ajili ya mizinga yake asitegemee pentasi peke yake, bali apande kando yake mvumbasi, ambao maua yake mafupi hujaa nyuki tangu asubuhi.

Nondo hao wa jioni wana faida ambayo wengi hawaijui. Mpapai jike hauzai vizuri bila kuletewa chavua kutoka kwa mpapai dume, na katika utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2009, Dino Martins na Steven Johnson walieleza kwamba wachavushaji wakuu wa mipapai ni nondo hawa, na kwamba kazi yao huathiriwa na umbali uliopo kati ya shamba na uoto wa asili. Jambo hilo linaeleweka, kwa kuwa nondo huhitaji maua ya kunywa miezi yote pamoja na majani ya kulishia viwavi wake, na shamba la mipapai mitupu halimpi hayo. Pentasi inaweza kumpa yote mawili, mbochi kwenye ua na chakula cha viwavi kwenye majani. Nilipolifahamu hilo niliacha kuipanda getini kama pambo tu, nikaisogeza hadi mahali ambapo kutoka kwenye mipapai ni hatua kumi hivi.

Hatua ya kwanza: kuchagua mahali na kuandaa udongo

Pentasi hutaka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Ikiwa kwenye kivuli kizito haifi, lakini hurefuka, hulala na kutoa maua machache, kisha mwenyewe huilaumu mbegu. Pwani na katika mabonde yenye joto kali, kivuli chepesi cha mchana, kwa mfano cha mpapai au mlonge, huisaidia. Katika maeneo ya baridi yanayopata sakitu, kama Njombe, ni vema ipandwe karibu na ukuta unaopigwa na jua la mchana, kwa sababu ukuta hutunza joto na kulitoa usiku.

Kinachoiua pentasi upesi kuliko ukame ni maji yaliyotuama. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, uyaache yanywewe, kisha ulijaze tena. Ikiwa baada ya muda wa saa nne maji bado yamo, mahali hapo hapafai mpaka utengeneze tuta lililoinuka sentimita 20 au 25 juu ya usawa wa ardhi. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi usidanganyike ukachanganya mchanga kidogo kwa kudhani kwamba utaulegeza, kwani mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi huweza kuzidisha ugumu. Kinachoulegeza ni mboji, na inatakiwa iwekwe mara kwa mara.

Lima eneo lote, wala si shimo la mche peke yake, kwa kina cha sentimita 30, na uchanganye ndoo moja ya lita 20 ya mboji kwa kila mita moja ya mraba. Samadi ya ng'ombe inafaa ikiwa imeoza kabisa na haina tena harufu kali, ila isizidi nusu ya kiasi hicho, maana rutuba ikizidi mmea huota majani mapana ya kijani kibichi na kusahau maua. Udongo unaofaa ni ule wenye uchachu kidogo sana au usio na uchachu, yaani wa kipimo cha pH kati ya 6 na 7. Ukiwa mchachu zaidi ya hapo, mmea hufyonza madini ya chuma kupita kiasi, na majani ya chini huingia madoa ya rangi ya shaba. Hapo nyunyiza chokaa ya kilimo kidogo, au konzi ya majivu ya kuni kwa kila mita ya mraba. Kwenye udongo wa matumbawe wa pwani hali ni kinyume chake: majani machanga hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mahali kama hapo majivu ni marufuku, na dawa yake ni mboji nyingi.

Hatua ya pili: kupata vipandikizi

Njia rahisi na ya hakika ni vipandikizi vya matawi. Omba kwa jirani mwenye kichaka kizuri, au nunua mche mmoja au miwili kwenye kitalu na uifanye mama wa mingine yote. Usichukue mmea kutoka ndani ya hifadhi ya taifa au ya msitu, hata kama unaonekana kuwa mwingi.

Kama unaweza kuchagua, chagua ile inayofanana na ya porini, yenye maua ya rangi iliyopauka, hata kama kwenye kitalu imewekwa nyuma ya zile nyekundu za kung'aa. Vipepeo huzitembelea zote, lakini ua jeupe au lililopauka huonekana vizuri zaidi wakati wa magharibi, na nondo huliona mapema. Zile fupi zilizozalishwa kwa ajili ya vyungu hufikia sentimita 30 hadi 60. Ya porini hupanda kufikia mita moja na zaidi, na ndiyo maana sehemu ya kupogoa hapa chini ni ndefu.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla hujakata tawi lolote. Pentasi ina maumbo mawili ya ua, na kila kichaka kina umbo moja tu. Katika vichaka vingine, ukichungulia katikati ya ua, utaona kijiti chembamba chenye ncha mbili kikichomoza nje ya mrija, huku vifuko vya chavua vimefichwa ndani. Katika vichaka vingine kijiti kimebaki ndani, na vifuko vya chavua ndivyo vilivyo mlangoni. Kijiti hicho ndicho kinachopokea chavua, na mpangilio huu ndio unaohakikisha kwamba chavua ya umbo moja inabebwa na mdudu hadi kwenye umbo la pili. Ukikata vipandikizi ishirini kutoka kichaka kimoja, bustani nzima itakuwa na umbo moja, na utapata mbegu chache au usipate kabisa. Mbochi itakuwepo, na wageni watakuja, lakini bustani haitaweza kujizalisha yenyewe. Kwa hiyo kata kutoka vichaka viwili vyenye maumbo tofauti, na uweke alama kwenye viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche, ili usivichanganye.

Wakati mzuri wa kukata ni wiki chache kabla ya mvua, yaani Februari kwa wanaosubiri masika, au Septemba kwa wanaosubiri vuli. Fanya kazi hiyo asubuhi, majani yakiwa yamejaa maji. Chagua tawi changa lisilo na ua wala tumba, kata ncha yake yenye urefu wa sentimita 8 hadi 10 kwa kisu kikali kilichosafishwa, na mkato upite chini kidogo ya kifundo cha majani. Ondoa majani ya chini ubakize jozi mbili za juu, na kama ni mapana sana yakate nusu ili yasipoteze maji mengi. Chomeka kipandikizi kwenye mchanganyiko wa mchanga wa mtoni uliooshwa na mboji iliyochekechwa, kiasi sawa kwa sawa, mpaka kifundo kimoja au viwili viwe chini ya udongo. Mwagilia polepole, kisha funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, au chupa ya maji iliyokatwa kitako, na uweke kivulini mahali penye mwanga wa kutosha.

Fungua kifuniko kila siku kwa dakika chache ili hewa ibadilike, kwa sababu ukungu wa kuozesha hupenda unyevu uliofungiwa. Baada ya wiki tatu au nne, vuta kipandikizi taratibu. Kikigoma, kina mizizi. Hapo ondoa kifuniko kwa awamu, kwanza asubuhi na jioni, kisha kutwa nzima, na baada ya wiki moja hamishia kila mche kwenye kiriba chake. Mche ukifikia sentimita 15, kata ncha yake juu ya jozi ya tatu ya majani. Watu huona uchungu kufanya hivyo, lakini mche usiokatwa ncha hupanda kama fimbo, na uliokatwa hutoa matawi mawili, kisha manne, na umbo lake la mviringo huanzia hapo.

Kuhusu mbegu

Mbegu za pentasi ni ndogo mno, mfano wa vumbi la kahawa, na zinahitaji mwanga ili ziote. Zinyunyize juu ya udongo laini uliolowanishwa, uzikandamize kwa kiganja bila kuzifukia, kisha ufunike trei kwa kioo au plastiki angavu. Huota ndani ya wiki mbili hivi kama joto ni la wastani wa nyuzi 21 hadi 24 za Selsiasi. Miche yake ni dhaifu, kwa hiyo maji yanyweshwe kutoka chini, kwa kuiweka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo.

Hatua ya tatu: kupanda na kumwagilia

Panda mvua zikishashika, siku yenye mawingu au jioni. Acha sentimita 40 kati ya miche ya aina fupi, na 60 kwa ile ya porini. Usipange mche mmoja mmoja kuzunguka kiwanja kizima. Panda kwa makundi ya miche mitano au saba pamoja, ukichanganya yale maumbo mawili, kwa kuwa kipepeo anayepita juu huona shada kubwa la rangi kwa urahisi kuliko nukta zilizotawanyika, na akishatua hunywa kutoka ua moja hadi jingine bila kupoteza nguvu. Mche ukae kwenye kina kilekile uliokuwa nacho ndani ya kiriba, kisha uwekewe matandazo ya nyasi kavu ya unene wa sentimita 5, yasiyogusa shina.

Kwa wiki tatu za kwanza mwagilia kila baada ya siku mbili ikiwa mvua haijanyesha. Baada ya hapo mara moja kwa wiki, kwa wingi, hutosha kuliko kidogo kidogo kila siku, kwani maji mengi ya mara moja huifanya mizizi ishuke chini. Elekeza maji kwenye shina wala si juu ya maua.

Hatua ya nne: kupogoa bila kuwaacha wageni na njaa

Pentasi isiyopogolewa hupoteza unadhifu wake baada ya miezi minane hivi: katikati hubaki miti mitupu, maua hukimbilia juu, na mvua kubwa ikija hulaza kichaka chote. Hapo ndipo watu husema kwamba maua ya asili ni vurugu, na kuyang'oa ili wapande kitu kutoka bara jingine. Tatizo hilo si la mmea, ni la mkasi uliokosekana.

Kuna kupogoa kwa aina mbili. Ya kwanza ni ya kila wiki: shada likishanyauka, likate hadi kwenye jozi ya kwanza ya majani yenye vichipukizi vipya, usiondoe shada peke yake na kuacha kijiti kirefu kimesimama. Dakika kumi zinatosha kwa vichaka saba. Ukitaka mbegu, acha mashada mawili au matatu kwenye kila kichaka yakauke kabisa mpaka vifuko vigeuke kahawia, na uyavune kabla havijapasuka.

Ya pili ni ya mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa masika na mwanzoni mwa vuli, ambapo kichaka hupunguzwa kwa theluthi moja ya kimo chake. Kosa nililolifanya mwaka wangu wa kwanza lilikuwa kukata vichaka vyote siku moja. Bustani ilipendeza kwa unadhifu, lakini kwa zaidi ya mwezi mmoja haikuwa na ua hata moja, na chozi wawili waliokuwa wakija kila asubuhi walikuja siku tatu, wakazunguka matawi matupu, kisha wakaacha. Walirudi baada ya muda mrefu kuliko maua yenyewe. Tangu hapo nakata nusu ya kila kundi, na nusu nyingine naiacha mpaka ile ya kwanza ianze kuchanua upya, yaani wiki tano au sita baadaye. Macho ya mpita njia hayaoni tofauti kubwa, kwa sababu vichaka vilivyokatwa viko nyuma au katikati na vilivyochanua viko mbele. Mwenye vichaka vichache sana na akate upande mmoja wa kichaka kwanza, kisha upande wa pili.

Usikikate kichaka kikabaki chini ya theluthi mbili za kimo chake kwa mara moja, hasa wakati wa kiangazi, kwa kuwa miti mikavu ya chini huchelewa kuchipua na wakati mwingine haichipui kabisa.

Hatua ya tano: viwavi, vidukari na dawa

Utakuta kiwavi mnene asiye na manyoya, wa kijani au kahawia, mwenye pembe moja mkiani, na wakati mwingine mwenye madoa kama macho karibu na kichwa. Pembe hiyo haichomi wala haina sumu. Huyo ndiye mtoto wa nondo uliyempandia maua, na kwa siku kadhaa atakula majani kwa pupa kabla ya kushuka na kujizika kwenye udongo au chini ya matandazo, ambako atageuka kuwa nondo. Mwache. Kichaka kilichokomaa kinafidia majani hayo upesi. Kama viwavi ni wengi kwenye mche mchanga, wahamishie kwa mkono kwenye kichaka kikubwa, na usichimbue udongo wa chini yake wakati huo.

Vidukari, inzi weupe na utitiri mwekundu ni jambo jingine. Vidukari hukusanyika kwenye ncha changa, na hutosha kuwaosha kwa maji yenye msukumo, au kuwafuta kwa vidole. Utitiri huja wakati wa kiangazi, na dalili yake ni majani kuwa na vidoto vyeupe na utando mwembamba kwa chini. Kunyunyiza maji upande wa chini wa majani kila asubuhi kwa wiki moja huupunguza sana. Ikishindikana, kijiko kimoja cha sabuni laini isiyo na manukato katika lita moja ya maji, kinyunyizwe jioni kwenye majani yenye wadudu tu.

Juu ya viuatilifu vya dukani naomba msomaji awe mkali. Soma lebo, na ukiona imidaklopridi, thayamethoksamu au klothianidini, rudisha chupa rafuni. Viambato hivyo hufyonzwa na mmea mzima na kufika mpaka kwenye mbochi na chavua, kiasi kwamba hata ukinyunyiza udongo tu, anayekunywa kwenye ua anakunywa sumu. Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku vyote vitatu kwa matumizi ya nje mwaka 2018. Miche inayonunuliwa kitaluni huenda ikawa tayari imetibiwa kwa dawa za namna hiyo, kwa hiyo muulize muuzaji. Asipojua, kata maua yote ya kwanza, utumie mche huo kama mama wa vipandikizi, na uruhusu uchanue baada ya miezi michache, ukiwa umeota matawi mapya. Mwarobaini nao, ijapokuwa ni wa asili, huathiri viwavi wa kila aina, hivyo hauna nafasi kwenye kichaka hiki.

Hatua ya sita: kuhuisha vichaka

Baada ya miaka mitatu au minne shina hugeuka mti, matawi ya chini hukauka, na hata ukipogoa vizuri maua hupungua. Wakati huo ng'oa kichaka kimoja kati ya vitatu kila msimu wa mvua, ongeza ndoo ya mboji mahali kilipokuwa, na upande mche ulioandaliwa miezi miwili au mitatu kabla. Hakikisha kila kilichong'olewa kinafuatwa na mche wa umbo lilelile la ua, ili uwiano wa maumbo mawili usipotee. Kabla ya kung'oa chunguza udongo wa chini yake kwa mkono, si kwa jembe, na ukikuta bundo la nondo, yaani kiwavi aliyejizika akiwa anageuka kuwa nondo, lenye rangi ya kahawia na ukubwa wa kidole, lirudishie udongo mkavu kidogo na matandazo kwenye kichaka cha jirani, mahali ambapo hapatalimwa mpaka litakapopasuka.